Barua kwa binti yangu aliyeko Dubai, kabla hajasaini

Mwanangu,

Mbukwenyi mama. Habari za huko Deira, joto limepungua? Sisi huku wazima, mama yako mgongo unamsumbua ila anatembea na sokoni anaenda mwenyewe, mvua bado hazijashuka, na vumbi la Dodoma unalijua, linaingia hadi kwenye bobini. Kazi ipo maana wazazi ndo wanaanza kuleta vitambaa vya sare za Januari, kila mtu anataka Ijumaa, na Ijumaa ni moja.

Ule mkataba uliotutumia WhatsApp nimeupata. Kiingereza cha mawakili mimi kinanipiga chenga kwahiyo mdogo wako ndo kanisomea, anasoma anatafsiri, mi huku napiga pindo za sketi, mshahara mzuri, nyumba wanalipa wao, viza wanashughulikia wao, tiketi ya likizo ipo, nikawa naitikia tu sawa, sawa, endelea. Tukafika kwenye kile kipengele cha michoro yako ya mapambo ya shanga nikamwambia hebu rudia hapo baba. Kwamba kila ulichochora na utakachochora ni mali ya kampuni, na jina lako wanaliweka kwenye duka na kwenye boksi, na hata siku ukiondoka jina linabaki kwao. Akarudia. Nikaacha kukanyaga cherehani. Sasa kwenye simu siwezi kulisema hili vizuri maana mama yako akisikia sauti yako tu ananyang'anya simu, ndo nimeamua mi niseme mdogo wako achape, ukiona makosa humu ni yake.

Sio kwamba nakukataza kazi. Kazi chukua. Nataka tu nikuhadithie habari za mwanamke mmoja mbunifu wa mapambo anaitwa Elsa Peretti, halafu nikwambie ninachofikiri, halafu uamue, we ni mtu mzima.

Huyu Peretti mi nilikuwa simjui, nimemjulia kazini. Kuna dada mteja wangu, ni wa hizi ofisi za serikali zilizohamia huku, alileta kitambaa cha gauni la harusi akasema fundi, mkono wa kushoto ukate mfupi, wa kulia uache mrefu. Nikamuuliza hiyo staili gani tena dada yangu, akanyoosha mkono akanionyesha bangili. Pana, ya silva, imepanda juu ya kifundo cha mkono imelala pale kama imemwagiwa ikapoa, ule mfupa unaotokeza umeachiwa nafasi yake, haining'inii, haizunguki. Mi nimeshona mikono ya nguo maisha yangu yote, najua mkono unavyosumbua, nikamwambia aliyebuni hii anajua kupima mwili. Akasema ni dizaini ya Peretti, na ya mkono wa kushoto inatengenezwa mbali na ya kulia mbali. Kama yake ilikuwa orijino au kopi hiyo sikuuliza, sio adabu. Lakini jioni nikamwambia mdogo wako nitafutie huyo mtu kwenye intaneti, bando nalipa mimi.

Basi kazaliwa Florence, Italia, mwaka 1940. Kwao matajiri haswa, baba yake ndo mwanzilishi wa kampuni ya mafuta ya API, kwahiyo walitegemea binti aolewe na mtu wa hadhi yao atulie. Hakutulia. Kijana wa miaka 21 kaondoka nyumbani kaenda Uswisi kufundisha lugha na kufundisha watu kuteleza kwenye theluji, kasomea mambo ya kupamba nyumba, kafanya kazi kwa mbunifu wa majengo Milan, halafu kaenda Barcelona kuwa mwanamitindo, na 1968 kavuka bahari hadi New York. Mzee huko nyuma kanuna, hela kakata. Walikuja kupatana karibu na mzee kufariki, 1977. Hapo ndo tofauti yangu na mzee Peretti, yeye alikuwa na kampuni ya mafuta akakata hela, mi sina hela ya kukata, kwahiyo mimi na wewe hatuna cha kununiana.

Najua utasema baba huyo ni mtoto wa tajiri, mfano gani huo. Subiri, nitafika hapo.

New York alikuwa anavaa nguo za watu na kupita jukwaani, lakini kichwani ana vitu vyake. Kulikuwa na kichupa cha maua alichokipata kwenye soko la vitu vya zamani, akachukua lile umbo akampelekea fundi silva Hispania amtengenezee kidogo cha kuvaa shingoni, tena kina tundu la kweli, unatia maji unachomeka ua moja. Mwaka 1969 mwanamitindo akapanda nacho jukwaani kwenye maonyesho ya Giorgio di Sant'Angelo. Huyo naye mhamiaji vilevile, kazaliwa Florence kakulia Argentina, kaingia Marekani akaanza na mapambo ya plastiki kabla ya kuingia kwenye nguo. Nakwambia hili kwa sababu kwenye simu ulisema huko watu wanakuona we mgeni huna mtu. Hata yule aliyempa Peretti nafasi ya kwanza alikuwa mgeni kama yeye. Watu wakakipenda kile kichupa wakaanza kuulizia, na 1971 akapewa tuzo ya Coty, wakati huo ndo tuzo kubwa ya mitindo Marekani.

Sasa hapa nataka usome taratibu maana hapa ndo kazi ilipo. Wakati ule, kwa matajiri wa kule, silva ilikuwa ya vijiko na sahani. Pambo ni dhahabu na almasi, tena anunue mwanaume ampelekee mkewe. Peretti akaja na silva, maumbo laini, harage, mfupa, moyo ulio wazi katikati, hakuna mawe ya kumetameta. Mwaka 1974 akaingia Tiffany, duka lile kubwa la New York, na Tiffany walikuwa wamekaa kama miaka 25 hawauzi mapambo ya silva kabisa. Watu wakajaa dukani. Na walionunua walikuwa wadada wenye mishahara yao, wa maofisini, wanaojinunulia wenyewe hawamsubiri mtu, hawa hawa kina dada wa ofisi za serikali kule Mtumba wanaokuja kwangu mwisho wa mwezi. Alivyogeukia almasi nako akafanya lake, akachukua vijialmasi vidogo akavipanga vimeachana achana kwenye mkufu mwembamba na mkufu unauzwa kwa urefu, kwa yadi, kama mi ninavyonunua kitenge kwa Muhindi. Nilicheka peke yangu hadi mama yako akauliza kuna nini. Almasi kwa yadi!

Na ile bangili ya mfupa unajua aliitoa wapi? Alipokuwa mtoto alikuwa anapelekwa kwenye kanisa moja la Wakapuchini kule Roma, chini kuna vyumba vimepambwa kwa mifupa ya watawa waliokufa zamani, ukutani mifupa, darini mifupa. Katoto kakawa kanaiba vimfupa kanatia kwenye kipochi, mama yake anamrudisha kanisani arudishe. Bibi yako angesikia hii angeita watu waje kumuombea. Lakini ndo hivyo, mtu amebeba umbo moja kichwani tangu utoto, kapita nalo Uswisi, kapita nalo Barcelona, kafika nalo New York likawa bangili.

We la kwako unalo. Kwenye zile picha ulizotuma mi nimeona, wale Waarabu wanaona shanga nzuri, mi naona shingo ya bibi yako. Ule mpangilio wa nyeupe nyingi halafu nyekundu inaingia kwa pembeni halafu bluu kidogo, si ndo aliokuonyesha Mvumi likizo zile, amekaa chini ya mbuyu anakwambia hesabu vizuri usiruke, halafu siku ya ngoma ya muheme wanavaa wanawake wote wanang'aa. Hukuusoma chuo, mama. Sasa kaa ufikirie, ukisaini ule mkataba kama ulivyo, siku mdogo wako anaoa ukataka kumtengenezea mkewe ushanga wa aina ile ukamuuzia na shoga zake, kampuni inaweza kukwambia unaiba mali yao. Mali yao! Bibi yako hajawahi kufika hata Morogoro.

Haya, turudi kwa Peretti, maana nilichotaka kukuonyesha bado.

Pale Tiffany alipelekwa na rafiki yake anaitwa Halston, mbunifu wa nguo, Mmarekani wa Iowa, ndo alitengeneza ile kofia ya 1961 ya Jackie Kennedy, mke wa Rais wa Marekani. Miaka ya sabini hakuna jina kubwa la nguo Marekani kama lake. Hawa wawili walikuwa wanaelewana kweli, yeye nguo, Elsa mapambo, wanatembea pamoja. Na Elsa ndo kambunia chupa ya manukato yake, imepinda kama chozi, manukato yakauzika dunia nzima. Wanahadithia kwamba malipo ya ile chupa alimpa achague hela au koti la manyoya, dada akachagua koti. Halafu siku moja 1978 wakagombana akalitupa lile koti kwenye moto. Hapo mdogo wako alicheka sana, mi sikucheka, nilikuwa nawaza ile chupa imeuza kiasi gani na koti limebaki jivu.

Lakini kwenye mapambo yake Elsa hakufanya hivyo. Tiffany walipewa haki ya kutengeneza na kuuza, wao peke yao, sawa. Jina na michoro ikabaki mali ya Peretti. Na si hilo tu, alikuwa na haki ya kukubali au kukataa jinsi kitu kinavyotengenezwa, kinavyopangwa dukani na kinavyotangazwa. Yaani kampuni kubwa vile, wakitaka kubadilisha wanamuuliza yeye kwanza. Miaka ikaenda, 1980, 1990, 2000, kazi zake zikawa karibu asilimia 10 ya mauzo yote ya Tiffany, mtu mmoja huyo. Ilipofika 2012 amezeeka anataka kupumzika, kampuni ikabidi ikae naye mezani, wakaandikishana upya miaka 20 na wakamlipa kwa mkupuo dola zaidi ya milioni 47. Sasa jiulize, wangemlipa za nini kama 1974 alishawapa kila kitu?

Na Halston? Halston 1973, mwaka mmoja kabla ya Elsa kuingia Tiffany, aliuza kampuni yake kwa kampuni kubwa ya Norton Simon. Pamoja na jina. Aliona ni raha, hela anayo, ofisi nzuri, maua kila siku mezani. Miaka ya themanini mwanzoni akaingia dili na JCPenney, maduka ya bei rahisi ya watu wa kawaida, wazo lenyewe mi silioni baya, hata mimi nashonea watu wa kawaida, lakini maduka ya matajiri yakaona aibu wakaondoa nguo zake. Wakati huohuo kampuni ikawa inauzwa inanunuliwa, mkono huu mkono ule, na kila anayenunua anapata jina Halston ndani yake, hadi 1984 mwenyewe akafungiwa nje ya ofisi yake. Nguo zinaendelea kuandikwa Halston, zimebuniwa na watu wengine. Yeye hawezi kufungua hata kibanda akaandika jina lake juu. Alifariki 1990 jina lenyewe hajalirudisha.

Ndo maana nakwambia hili la utoto wa tajiri sio jibu. Kweli Elsa alikuwa na kwao, mtu mwenye kwao anaweza kusema hapana bila kuogopa njaa, hilo sikatai na we usijifanye hulioni. Lakini Halston naye hakuwa na njaa siku aliyosaini. Alikuwa juu kabisa. Walikuwa marafiki, mji mmoja, miaka ileile, mmoja kauza jina mwingine kakodisha, na aliyeuza ndo alikuwa mashuhuri zaidi.

Mi hiki kitu nakijua kwa udogo wangu. Unakumbuka yale mashati ya kitenge yenye kola ya kusimama na mshono wa mshazari kifuani, nilianza kushona wakati we uko sekondari. Kuna boutique moja ya Dar walikuwa wananiagizia, nashona hapa natuma kwa basi, wao wanaweka lebo yao. Bei tuliyokubaliana walilipa, siwezi kusema walinidhulumu. Bunge la bajeti moja hivi akaja mheshimiwa mmoja pale kibarazani Majengo, kabeba shati kwenye mfuko, kalitoa akasema fundi, hili nimelinunua Dar ghali sana, unaweza kweli kujaribu kunitengenezea kitu kama hiki? Kwa huruma kabisa, kama ananitia moyo. Nikaligeuza ndani nikaangalia mshono, ni wangu, hata ule uzi wa kijani ninaomalizia vifungo upo. Nikamwambia nitajaribu mheshimiwa. Akanilipa nusu ya nusu ya bei ya Dar maana kwake mi ndo nilikuwa kopi.

Na usiende mbali, angalia tanzanite. Jiwe liko Mererani, duniani kote liko pale tu. Mzee Jumanne Ngoma, ambaye serikali ilimtambua kuwa ndo mvumbuzi, alilipata 1967. Jina la tanzanite walilipa Tiffany, 1968, hawahawa kina Tiffany, wakalitangaza New York, mwaka uleule Peretti alioingia mjini. Mzee wetu alikuja kuitwa mbele za watu 2018, Rais Magufuli akampa shilingi milioni 100, anaumwa tayari, mwaka uliofuata akafariki. Miaka hamsini na kitu hapo katikati watu wanavaa lile jiwe. Na 2020 Laizer, mchimbaji wa hukohuko Mererani, akaja kuuza mawe mawili makubwa serikalini kwa zaidi ya bilioni 7.7, nchi nzima tukashangilia, na mi nilishangilia, kwa sababu zile leseni zina jina lake.

Peretti kwenye mambo mengine nakuachia usome mwenyewe, kuna mengi, kuna kijiji cha Sant Martí Vell kule Hispania, kilikuwa magofu, kanunua nyumba ya kwanza kwa hela za uanamitindo halafu akawa anakarabati nyumba moja baada ya nyingine miaka na miaka, na amefia hukohuko Machi 2021 ana miaka 80. Kuna taasisi ya misaada kaipa jina la baba yake pamoja na lake, yule yule mzee aliyekata hela. Vitu vyake viko British Museum. Kimoja tu nitakigusa maana kinanihusu: huyu hakujifanya anajua kila kitu kwa mikono yake. Silva alifanya na mafundi wa Hispania, vioo na mafundi wa Italia, alienda Japani kwa mafundi wa rangi ile ya kung'aa wanayopaka mbao, Hong Kong kwa wachonga mawe, anakaa nao, anarudi kwao tena na tena. Wewe una shangazi zako Mvumi na Chamwino wanaweza kutunga shanga usiku na mchana. Kwenye ule mkataba wao hawapo hata mstari mmoja, shanga zitatungwa kiwandani. Mi nilivyosikia hapo niliona kabisa hawa watu hawajui wananunua nini.

Sasa la kufanya. Yule mwanasheria wa Area D ninayemshonea suti nilimuonyesha zile kurasa, alisoma bure, nimemkatia suruali moja bila hela. Kasema hivi: jina lako liandikishwe BRELA, wale wa serikali wanaosajili biashara, kama alama ya biashara, si jina la biashara tu, ni vitu viwili tofauti, lakini ya BRELA inakulinda Tanzania Bara, haivuki, huko Falme za Kiarabu wana usajili wao na inabidi uombe hukohuko, na uombe kabla ya kampuni haijaomba. Halafu uwarudishie mkataba uwaambie jina hamnunui, mnakodi, kwa miaka kadhaa, kwa mapambo tu sio nguo sio manukato sio mikoba, na kila kipande kikiuzwa kuna asilimia yangu na nina haki ya kuona vitabu vya mauzo, na siku mkataba ukiisha jina linarudi kwangu na boksi zilizobaki mnazichoma au mnazimaliza ndani ya muda fulani. Michoro kumi na mbili uliyowaonyesha wakitaka kuinunua moja kwa moja wanunue, hesabu bei nzuri, ila ile miwili yenye mpangilio wa bibi usiiguse, itoe kabisa mezani. Na ya kesho ambayo hujaichora usiwauzie leo.

Watakataa baadhi. Ndo biashara, hata mi mteja akiniambia elfu arobaini naanza sitini. Wakikataa yote, waombe kazi ya kawaida, mbunifu wa mshahara, jina lako halionekani popote, unachora vya kwao saa za kazi na vya kwako usiku chumbani kwako, mwanasheria anasema hilo nalo liandikwe vizuri maana wengine wanadai hadi vya usiku. Hiyo kazi haina sifa, najua, hutapiga picha mbele ya duka lenye jina lako. Viza itapatikana hivyohivyo.

Najua viza yako ya lile duka la mabaibui inaisha Februari na hilo ndo linakukimbiza. Wao pia wanalijua, ndo maana wanasema saini kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu anayekupa kalamu huku anaangalia saa, we muombe maji ya kunywa kwanza. Na ikitokea mbaya kabisa tiketi ya kurudi tutachanga, kibarazani nafasi ipo, treni ya mwendokasi kutoka Dar siku hizi inakuleta mapema tu. Sisemi urudi, nasema usisaini kwa sababu unadhani huna pa kurudi.

Jumapili saa mbili usiku ya huku, huko itakuwa saa tatu, mwanasheria atakuja hapa nyumbani tuongee kwa video sote. Kaa na chaji, na uwe na ule mkataba wote, zile kurasa za nyuma za viambatanisho hukutuma, ndo mara nyingi mambo yanafichwa huko. Usiwaambie kampuni kwamba una mwanasheria, sema tu unashauriana na wazazi, hiyo kila mtu anaielewa.

Ubuyu na karanga za mama yako vimeondoka jana na kijana anayekuja huko kununua simu, namba yake mdogo wako atakutumia. Mama yako anasema utume vipimo vipya, kwenye picha unaonekana umekonda na hilo gauni la Krismasi sitaki nilishone kwa kubahatisha.

Baba yako,
Majengo, Dodoma

(Dada mimi ndo nimechapa, nimeandika kama alivyosema, ila pale kwenye boutique ya Dar nimetoa maneno mawili matatu. Na vile viambatanisho tuma leo, kaniuliza tena sasa hivi.)